Neno Ndani ya Kuku wa Karanga

Saa nane mchana Tabora nzima inalala, isipokuwa wenye mimba.

Yaani pita Isevya saa hizo ujionee mwenyewe. Fundi baiskeli kalala kwenye benchi, spana bado iko mkononi. Mwalimu kaweka shavu juu ya madaftari. Askari wa benki kaegemea geti, mdomo wazi, anacheka na mtu usiyemuona. Wote wanatabasamu, maana wote wanaota, na kila mmoja anamuota mpishi wake. Aliyekula dagaa waliopikwa Ujiji anasikia ubaridi wa asubuhi ya kule miguuni. Aliyekula pilau la mzee mmoja wa Pangani anaimba kwa sauti ya yule mzee, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kupita Morogoro.

Ndiyo kazi ya mgando hai. Chakula kinapikwa, kinagandishwa kwa kufumba na kufumbua, na kile alichokuwa anakiwaza mpishi wakati anakoroga kinaganda humo humo kwenye mchuzi. Wewe unakipasha kikawa vuguvugu, unakula, unajilaza nusu saa. Mnakutana.

Wajawazito ndio wanaobaki barabarani. Wanatembea polepole kwenye vivuli vya paneli za jua, mkono mmoja kiunoni, kikuku cha kijani kwenye mkono wa pili. Wanasalimiana kwa nyusi ili wasiamshe watu. Ukiwaangalia kwa mbali unadhani ni wao ndio ndoto, na mji uliolala ndio unawaota.

Kalunde alikuwa mmoja wao. Wiki ya thelathini na moja. Miezi saba hajaota hata mara moja. Wenzake siku hiyo walikuwa wanatembea tu kupoteza muda, yeye alikuwa anawahi jumba la friza.

*

Kila mtaa una jumba lake la friza, na la Isevya lilikuwa na Mwavita.

Mwavita alikuwa Mzaramo wa miaka arobaini na nane, mnene, mwenye koti la baridi lililofika magotini, na alikuwa amefanya kazi na mama yake Kalunde miaka ishirini. Mama anapika upande wa jikoni, Mwavita anapokea pakiti upande wa barafu. Sasa unajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu na ukamcheka. Siku ya msiba wa huyo mama, jina lake Nyamizi, waombolezaji wamekaa kimya, huyu Mwavita alitokea amevaa gauni la marehemu, akapita kwenye majamvi akiwauliza watu kwa sauti ya marehemu mbona wamekula sana. Watu walilia na kucheka pamoja. Ndivyo utani ulivyo, hata kifo hakiufuti.

Saa hizo alikuwa macho, maana mwenye zamu ya barafu hali mpaka mji uamke. Alipomuona Kalunde mlangoni hakumpa hata pole ya jua. Alimwambia Wanyamwezi walizaliwa kubeba mizigo, ndiyo maana yeye kaamua kubebea mbele. Kalunde akamjibu kwamba bora mzigo kuliko Mzaramo anayesikia ngoma hata kwenye mlio wa friza. Wakamaliza salamu hapo.

Kisha Kalunde akasema amekuja kuchukua pakiti.

Mwavita hakuuliza ipi. Alifungua mlango mzito, moshi wa baridi ukawamwagikia miguuni kama maziwa, akaingia ndani, akarudi na pakiti moja iliyofungwa kitambaa. Kuku wa karanga. Mkono wa Nyamizi. Pembeni pana ile pete ndogo ya rangi ambayo kila pakiti inayo, ya bluu wakati ndoto ni mbichi, inayofifia siku hadi siku mpaka inakuwa nyeupe. Ndoto hudumu siku mia, haiongezeki hata moja. Hii ilikuwa imebaki na uzi mwembamba wa bluu.

Mwavita akasema ni siku tatu hizo, labda mbili na nusu.

Na mtoto alikuwa amebakiza wiki tisa.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mama Nyamizi aliugua ghafla, akapika pakiti moja ya mwisho akiwa amekaa kwenye stuli kwa sababu miguu ilishakataa. Hospitali, siku mbili kabla hajafa, alimshika Kalunde mkono akamwambia, "Nimekuwekea neno kwenye kuku." Hakusema neno gani. Kalunde alijua, na mtaa mzima ulijua, kwamba hilo neno ni jina la mtoto. Mjukuu wa kwanza anapewa jina na bibi yake. Na bibi mwenyewe sasa alikuwa ndani ya pakiti, siku tatu tu, kisha anabaki kuku.

*

Sasa mtu atauliza, si ale tu?

Nesi wa kliniki alishamwelezea, na alielezea vizuri, maana kila mjamzito anauliza swali hilo hilo. Kuna kimelea kinaitwa listeria. Vimelea wengine baridi inawalaza, huyu baridi haimuui, anakaa kwenye barafu anasubiri kama mgeni aliyeambiwa akae sebuleni. Mtu mwingine akimla anaweza asihisi kitu, au tumbo likamsumbua siku mbili. Mjamzito naye anaweza kupata kihoma kidogo tu, mgongo unauma, anasema ni uchovu. Lakini yule kimelea anavuka, anakwenda kwa mtoto.

Dawa yake ni moto. Chakula kipashwe mpaka nyuzi sabini na tano, mpaka kitoe mvuke hadi katikati, ukikoroge, ukiache dakika mbili, ukipime tena. Usikiyeyushe mezani, na kikishayeyuka usikirudishe kwenye friza. Ndiyo maana ya vikuku. Kipashio cha kila nyumba kikikisikia kikuku cha kijani karibu, hakikubali kuzima kabla ya sabini na tano.

Na ndoto inakufa kwenye sitini.

*

Shija, mume wa Kalunde, alikuwa fundi wa paneli za jua. Mtu mpole, mrefu, anayeinama kwenye kila mlango hata ambao haumgusi. Siku hiyo alikuwa nyumbani, na hakuwa amelala, kwa sababu Kalunde alimwomba asile kwanza.

Kalunde alimpa kikuku chake.

Shija alikiangalia kile kikuku muda mrefu. Wanawake wa Isevya walikuwa na mbinu nyingi za kukidanganya kipashio. Wapo waliomvisha kuku kikuku wakamfungia uani, kwa kuwa kinahitaji ngozi yenye joto. Shija alikivaa, akatoka, akatembea hatua arobaini mpaka kwa jirani. Kipashio cha jirani kikaamka chenyewe na kumwambia kwa sauti ya upole, "Hongera mama, wiki ya thelathini na moja." Alisimama hapo uani kwa watu, na ndevu zake, amepongezwa.

Kwake ndani, Kalunde akaweka pakiti kwenye kipashio. Akaandika hamsini. Kipashio hakikumjua, kikakubali.

Kabla ya hapo walikuwa wameongea sana, na kwa kweli Shija ndiye aliyeongea kidogo. Kalunde alikuwa na hoja zote. Kwamba mama alikuwa mpishi msafi kuliko wote pale jumba la friza. Kwamba pakiti haijawahi kuyeyuka hata mara moja. Kwamba wanawake wangapi wamekula vuguvugu na watoto wao sasa wanacheza mpira. Kwamba mtoto asiye na jina kutoka kwa bibi atakuwa kama barua isiyo na anwani. Shija alimwambia hawezi kumuamulia, ila naye ana mtoto humo ndani, kisha akaenda kukivaa kikuku.

Na usiseme Shija mwenyewe angekula akaota akamsimulia. Nyamizi alikuwa mama mkwe wake. Mkwe kwa mkwe hawaonani hovyo. Enzi za uhai wake Shija akimuona mama mkwe anakuja alikuwa anaacha njia, anapita kwenye mahindi. Leo aingie mpaka jikoni kwake, mama mkwe amekaa kwenye stuli, kitenge kimelegea, anaumwa, anajisemea mambo yake ya moyoni? Heri afe njaa. Ndugu wa damu wa Nyamizi hawapo. Kalunde hana kaka, hana dada. Na pakiti ya marehemu haiwi ya mtu baki, mwiko mkubwa, ni kama kumpa mgeni alale kwenye kaburi la kwenu.

Kipashio kikalia.

Kalunde akafungua kifuniko, na jamani, ile harufu. Karanga zilizokaangwa zikaunguzwa kidogo makusudi. Nyanya. Na nyuma ya harufu, kitu kingine. Akiinamia ule mvuke mdogo alisikia kwa mbali mtu anavuta kamasi na kusogeza sufuria. Chumba kikawa kama kina maji ndani yake, mwanga ukawa unayumba. Akaona ncha ya kitenge chenye maua ya zambarau ikipita pembeni ya jicho lake. Mama alikuwa hapo. Kijiko kimoja tu na angegeuka.

Kalunde akachota.

Dirisha la jikoni linatazamana na kibaraza cha Minza. Minza alikuwa mwenzake wa saa nane. Walianza kliniki wiki moja, wakatembea pamoja kila mchana wa Machi na Aprili, wakihesabu mapaka. Mei Minza akasema amechoka kutoota, mara moja tu, maharage ya shangazi yake. Akapata homa ndogo. Akasema ni mvua. Baada ya siku kumi alijifungua mtoto asiyelia.

Sasa Minza alikuwa amelala kibarazani kwake kwenye mkeka, kama watu wengine wote, mikono mitupu juu ya tumbo. Anatabasamu. Siku hizi Minza naye analala saa nane.

Kalunde akashusha kijiko. Akamchoma kuku kwa kidole, pajani, karibu na mfupa. Katikati palikuwa na baridi kabisa, punje za barafu zikamkwaruza.

Akakaa chini. Shija aliporudi ndani, kikuku mkononi, alimkuta anakitazama chakula kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Nimwache aende?" Kalunde akauliza.

Shija akakivua kikuku. Alichuchumaa mbele yake, akamvisha kikuku chake, polepole, kama siku ile ya pete.

Wakakaa hivyo. Chakula kinapoa. Na kikipoa mezani hakimfai tena mtu yeyote, Kalunde alilijua hilo kuliko wote, amekulia jikoni. Ndipo akili ikamjia, akamshika Shija begani. Mwiko unasema pakiti ya marehemu asile mtu baki. Je, mtani ni mtu baki? Mtani anaingia msibani anavaa nguo za maiti na hakuna anayemgusa. Mtani anaweza kuchukua mbuzi wa matanga akaondoka naye mchana kweupe.

"Kamwite Mzaramo," akasema. "Kimbia."

*

Mwavita aliingia na koti lake la baridi, jasho linamtoka. Kalunde alimweleza kwa sentensi mbili. Alitegemea atacheka. Mwavita alivua koti, akanawa mikono, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akamwita mwanangu.

"Unajua nikimla, ameisha," alisema. "Hutakuja kumuona wewe. Umeelewa, mwanangu?"

Kalunde akasema ameelewa. Alisema haraka, kabla moyo haujabadilika.

Wakagawa sahani mbili. Nusu, ile ya vuguvugu, ya Mwavita. Nusu nyingine Kalunde aliirudisha kwenye kipashio, na kipashio kilipokisikia kikuku hakikusubiri kuandikiwa. Kilianza kupandisha chenyewe. Kalunde alisimama anaangalia namba kwenye kioo. Hamsini na nne. Hamsini na saba. Kwenye hamsini na tisa aliweka kiganja juu ya mlango wa kipashio. Hakuufungua. Sitini. Kwa ndani pakasikika kama mtu anaweka mwiko chini, halafu ni mlio wa mchuzi tu.

Mwavita alishamaliza kula. Alilala kwenye mkeka palepale jikoni, na Shija akatoka nje akasimama nyuma ya ukuta, kwa sababu mama mkwe anakuja.

Nusu saa. Kalunde alikaa kando yake, miguu ameinyoosha, anamsoma usoni. Kwanza Mwavita alikoroma. Kisha akanyamaza na mkono wake wa kulia ukaanza kuzunguka hewani, taratibu, unakoroga. Vidole vikanyunyiza kitu. Mdomo ukang'ata kwa pembeni, na Kalunde akasogea karibu, maana ule haukuwa mdomo wa Mwavita. Ile pembe ya mdomo ilikuwa ya nyumbani kwao. Nje mji mzima umelala, na humu ndani mama yake alikuwa anapika kwenye uso wa mtu mwingine, bila sauti, kama mtu unayemuona kupitia kioo cha basi linaloondoka. Alitaka kuugusa ule mkono. Aliogopa kumuamsha.

Machozi yakamtoka Mwavita akiwa bado amefumba macho.

Halafu akaamka. Hakukaa vizuri kama watu wanavyoamka. Alisimama, akajifunga kitenge cha Kalunde kiunoni kwa lile fundo la kushoto la Nyamizi, akavuta stuli, akaketi kama mtu mwenye miguu inayouma. Alipoongea, nyuma ya ukuta Shija alisikika akirudi hatua mbili.

"Kalunde. Kama ni wewe umekuja humu, basi umenila vuguvugu, na mjukuu wangu yuko tumboni. Toka. Toka jikoni kwangu kabla sijakuchapa na huu mwiko."

Kalunde akaziba mdomo kwa viganja viwili.

Mwavita akarudi kuwa Mwavita kidogo, akafuta pua. Akasema kisha Nyamizi aligeuka, akaangalia vizuri aliyesimama mlangoni, akasema ah, kumbe ni wewe Mzaramo, nilijua tu utamfuata huyu kuku. Hapo wote wawili wakacheka, kicheko kibaya, cha kamasi. Akasema walikaa wote, yeye na Nyamizi, karanga zinachemka, dirisha limejaa jua, na Nyamizi alikuwa na miguu yake mibovu ila anaisahau, na kila alipoisahau anasimama.

"Jina?" Kalunde akauliza. "Alisema jina gani?"

"Hakuna jina. Nimemuuliza. Kasema mtoto mtamwangalia usoni wenyewe, mna macho."

"Sasa neno?"

Mwavita aliangalia chini, akalifungua lile fundo la kitenge akalifunga tena.

"Alinikataza nisikwambie," akasema. "Lakini mimi ni mtani. Sina adabu."

Akakaa vizuri kwenye stuli, na sauti ikabadilika tena, ya chini sasa, ya mtu anayeongea na sufuria.

"Baada yako alikuwa anakuja mwingine. Ndiyo kwanza mgando hai umeingia, vikuku havijafika. Mama yangu alikuwa amekufa mwaka ule, na nilikuwa na pakiti yake moja. Nikamla vuguvugu. Nilimuona, Kalunde. Alinisuka nywele. Homa yenyewe ilikuwa ndogo, siku mbili. Ndiyo maana uko peke yako. Sikuweza kukwambia nakutazama. Nikahesabu siku, nikaona hazifiki kwenye kujifungua kwako. Nikaliweka neno pale ambapo, kama una akili, hutalisikia."

Nje fundi baiskeli alikuwa ameamka, spana imeanza kugonga.

Kalunde hakulia kama alivyofikiri atalia. Alikuwa anawaza yule mwingine, ambaye sasa angekuwa na miaka ishirini na kitu, na jinsi mama alivyokuwa anakaa mchana pale jumba la friza, saa nane, wenzake wote wamelala, yeye anaosha sufuria. Miaka ishirini na tano alipika ndoto za watu, na hakuna aliyewahi kumuona analala. Walidhani ni mchapakazi.

"Ulimjibu nini?" akamuuliza Mwavita.

"Nilimwambia umeniita mimi. Kwamba ulikiweka kijiko chini." Mwavita akavaa koti lake, ingawa joto lilikuwa kali. "Akasema nirudie. Nikarudia. Akasema rudia tena."

*

Kipashio kilikuwa kimelia zamani. Namba ilisoma sabini na nane. Kalunde akaitoa sahani, mvuke ukampanda mpaka kwenye nyusi, akakoroga mpaka chini, akachoma paja katikati, moto. Akasubiri dakika mbili akiwa amesimama.

Shija aliinama akaingia. Alichungulia kwanza sahani, halafu stuli, kama mtu anayehakikisha chumba kina nani. Kalunde akamwambia aje ale tu, humo hamna mama mkwe tena, ni kuku.

Akala kijiko cha kwanza. Akaacha kutafuna.

Maisha yake yote alikuwa amekula chakula cha mama kikiwa na mama ndani. Anaonja huku anasikia mkono kichwani, anameza huku anaimbiwa, na ulimi ulikuwa haupati nafasi. Sasa ulimi ulikuwa peke yake na kuku.

"Ana chumvi," akasema.

Shija alikuwa anameza kwa adabu kubwa sana, macho yamemtoka.

"Shija, ana chumvi nyingi. Mama alikuwa anazidisha chumvi."

Mwavita, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akasema bila kugeuka kwamba jikoni nzima walijua, miaka ishirini, nani angemwambia.

Kalunde akacheka mpaka akashika tumbo. Alijaza kikombe maji, akanywa, akavuta sahani karibu, akala mpaka mifupa.